Vitenzi Kwanza, Istilahi Baadaye

Wapo wasomi washikiliao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya kina. Hebu na tuwapime kwa chembe ya metali iliyo nyembamba kuliko unywele. Katika miaka ya 1980, wanasayansi wa Novosibirsk, katika Muungano wa Kisovieti, waligundua kuwa chembe hizo, zikirushwa kwa mamia ya mita kwa sekunde, hujenga tabaka juu ya metali nyingine. Hutokeaje? Ikienda polepole, chembe hudunda. Ikipita kasi fulani, hubonyea, hutandaa na kunata bila kuyeyuka. Ikizidi mno, kama watafiti wa Marekani walivyoonyesha kwa chembe za bati mwaka 2018, huyeyuka na kupamomonyoa pale ilipopiga.

Vitenzi hivyo vyote ni vya nyumbani, navyo vimekwisha kutuzalia mnato na mmomonyoko. Kosa letu, basi, ni kuketi tukingojea orodha za nomino ilhali ghala ya vitenzi imejaa. Mwanafunzi wa Kiswahili na aketi na mwenzake wa fizikia, amwulize kitu hufanya nini kabla ya kuuliza huitwaje.