Usiende Kliniki Peke Yako

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, Mei 5, 2023, kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena, tumeacha kuuzungumzia. Ndoo za kunawia zilizokaa milangoni mwa maduka sasa zinatumika kudekia, barakoa zimeishia jalalani, na ubishi wa chanjo umezimika bila kumalizika. Hili la mwisho linanikosesha raha. Tulisemana vibaya mno katika ubishi ule. Watu walijitoa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kaka akanuniana na dada, na wengi hawajarudi kuombana radhi. Ugonjwa mwingine utakuja. Agosti 2024 mpox ilitangazwa dharura ya dunia, ikiwa imeshaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na maneno ya ubishi ule wa 2021 yakaanza kusikika upya vijiweni. Nawaandikia sasa, wakati hakuna anayehangaikia mtungi wa oksijeni, kwa sababu mambo yakishachacha hatusikilizani.

Mnakumbuka Februari 2021 hapa Tanzania. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu mwishoni mwa Aprili mwaka uliotangulia. Tulipiga nyungu, tukanywa tangawizi na malimao, tukazika, na kwenye matanga tukaambiwa marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji. Katika kimya hicho ACT-Wazalendo walitoka hadharani wakasema mwenyekiti wao, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana maambukizi ya korona. Alifariki Februari 17. Mimi huiheshimu taarifa ile kuliko hotuba nyingi zilizofuata. Mgonjwa aliyekubali ugonjwa wake utajwe aliwapa waliomzunguka nafasi ya kujikinga, na alifanya hivyo wakati ambao kusema tu kulikuwa na gharama.

Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, Ikulu, Dar es Salaam. Akajieleza kama mama, bibi na mke, mtu mwenye wanaomtegemea, ambaye asingejitia hatarini kwa kusudi. Dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya Janssen zilikuwa zimeshafika kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Tulitarajia watu wamiminike. Hawakumiminika. Mwanzoni mwa 2022 hata mtu 1 kati ya 10 nchini alikuwa hajakamilisha chanjo, na huku mitaani vita ya maneno ilikuwa imepamba moto. Waliochanjwa waliwaita wenzao mbumbumbu. Waliokataa waliwaita wenzao vibaraka, wakawahesabia miaka miwili ya kuishi.

Nataka niseme wazi nilikosimama: chanjo ile iliokoa maisha. Haikuzuia kila maambukizi, hasa kirusi cha aina ya Omicron kilipoingia, lakini ilipunguza sana waliofikia hali mahututi na waliokufa. Ninayasema haya bila kigugumizi. Ila naomba pia tuwatendee haki waliosita, maana hofu yao haikutoka hewani.

Aprili 2021 Marekani ilisitisha Janssen kwa siku kadhaa baada ya watu wachache kupata tatizo la damu kuganda, kisha ikaruhusu iendelee. Miezi mitatu baadaye chanjo hiyohiyo ikashuka uwanja wa ndege wetu. Mama aliyeuliza kuhusu damu kuganda alikuwa ameuliza swali la maana, na jibu lilikuwepo: tatizo lipo, ni la nadra mno, na korona yenyewe huleta damu kuganda mara nyingi zaidi. Wangapi walilipata jibu hilo kwa upole? Tena kuna mambo ya nyuma. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa ya Trovan katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na kesi zake zikaburuzwa miaka mingi hadi fidia ikalipwa. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya chanjo kama kificho cha kumsaka Osama bin Laden huko Pakistan, na wachanjaji wa polio wakalipia jambo hilo kwa kutoaminiwa, wengine kwa kuuawa. Na katikati ya 2021 nchi zenye fedha zilikuwa zimejaza chanjo maghalani huku sisi tukingoja. Mtu anayeyajua haya akisita, asiitwe mjinga. Aketishwe, aelezwe.

Baada ya kuelezwa, wajibu unabaki kwake. Hapo ndipo wengi hatutaki kufika, kwa sababu tumezoea kusema mwili ni wangu, maamuzi ni yangu. Ni kweli mwili ni wako. Lakini kuna mtu ambaye maisha yake huniambia kwamba hata mwenye moyo mzuri anaweza kumweka mwenzake hatarini bila kukusudia.

Anaitwa Ali Maow Maalin. Mwaka 1977 alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya Merca, mji wa pwani kusini mwa Mogadishu. Ndui ilikuwa imebanwa ikabakia katika kona ile ya dunia tu. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wachanjwe. Yeye alikwepa, alisema baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi Oktoba gari likafika hospitalini limebeba watoto wawili wenye ndui, likiulizia njia. Ali akapanda kuwaelekeza. Safari ilikuwa fupi, na hakufanya zaidi ya kile ambacho kijana yeyote aliyelelewa vizuri angekifanya kwa wageni wenye wagonjwa.

Siku chache baadaye homa ikampanda. Ikadhaniwa malaria, kisha tetekuwanga, akarudishwa nyumbani, na marafiki wakaja kumjulia hali kama ada. Ilipobainika kwamba ni ndui, wahudumu waliufuatilia mji mzima: nani alimgusa, nani alikaa naye, nani hajachanjwa. Makumi ya maelfu ya watu walichanjwa ndani ya majuma machache. Ali alipona, na hakuna hata mmoja aliyeupata ugonjwa kutoka kwake. Akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili, na Mei 8, 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetokomezwa.

Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya polio nchini kwao. Alipokutana na mzazi anayekataa, alimsimulia ya kwake: nami niliikimbia sindano, na haya ndiyo yaliyonipata. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alirudi kazini, na Julai mwaka huo akafa kwa malaria akiwa katika kazi hiyohiyo. Mzazi anapotazamana na mtu aliyewahi kuogopa kama yeye, husikiliza. Tuwe watu wa namna hiyo.

Ninachoomba ni jambo dogo, tena la kushika mkononi. Kila mmoja wetu, siku ya chanjo, amchukue mtu mwingine mmoja aende naye.

Sababu ya kwanza ni ya kitaalamu kabisa, na ajabu ni kwamba haielezwi kwa wazazi. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga ndani ya kichupa, ambacho kwa kawaida kina dozi 10. Muuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, na tangu hapo ana saa 6 tu. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Akiona benchini wameketi watoto wawili, husita kukifungua. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni anaambiwa arudi juma lijalo, na juma lijalo ni la kupalilia. Mama huyo atahesabiwa kuwa amepuuza chanjo, kumbe alifika. Wangekuja majirani wanane pamoja, kichupa kingefunguliwa. Nanyi wauguzi, mnaojua kwamba mtoto mmoja aliyekosa ana thamani kuliko dozi tisa zilizomwagwa, fungueni hata akija mmoja, na wakubwa wenu wawalinde mkifanya hivyo.

Sababu ya pili ni mtoto mchanga. Hapa kwetu surua-rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Kabla ya hapo hana chanjo hiyo mwilini; kinga yake ni sisi tuliomzunguka. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana wataalamu hutaka watu 95 kati ya kila 100 wawe wamekingwa. Mwaka 2022 surua iliua watoto zaidi ya 700 nchini Zimbabwe, wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Na mwaka 2021, wakati dunia nzima inabishana juu ya korona, watoto milioni 25 walikosa walau dozi moja ya chanjo ya msingi ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Ubishi wetu wa watu wazima uliwafikia wao.

Mabinti zetu nao umewafikia. Chanjo ya HPV, inayokinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 ni dozi moja tu Tanzania kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inaandamwa na uvumi uleule wa ugumba tuliousikia kwa UVIKO, wakati mwingine kwa klipu ileile iliyobadilishwa kichwa cha habari. Akina baba, hili ni lenu. Mkiombwa ridhaa na shule, msikae kimya mkamwachia mama peke yake lawama za ukoo.

Najua njia hii ya kwenda na mtu inafanya kazi kwa sababu tumeshaiona. Mwaka 2022 wahudumu walipoacha kungoja watu hospitalini, wakawafuata sokoni, stendi, mashambani na nyumba kwa nyumba, wakiongozana na wenyeviti wa vijiji na masheikh na wachungaji wanaojulikana kwa majina, hali iligeuka ndani ya mwaka mmoja: waliokamilisha chanjo ya UVIKO wakafikia takriban nusu ya Watanzania wote. Watu walikuwa walewale. Waliochukua sindano walifuatwa na mtu wanayemwamini, aliyekaa nao hadi maswali yao yakaisha.

Kwa hiyo, ninyi wenye kikoba, ongezeni dakika kumi kwenye kikao, kila mama aje na kadi ya kliniki ya mtoto. Imamu na padri, muiteni muuguzi wa zahanati aje aulizwe maswali baada ya ibada, hata yale makali. Wewe uliyechanjwa, acha kumkejeli shemeji yako kwenye kundi la familia. Mpigie simu umuulize anaogopa nini hasa, na usimkatize. Nawe uliyekataa, sikuombi ukubali leo. Nakuomba upeleke swali lako kwa mtu mwenye elimu ya kulijibu kabla hujasambaza sauti usiyomjua aliyeirekodi, na siku ukiwa na mafua au homa usimbebe mtoto wa watu.

Kadi zipo kabatini au chini ya godoro. Zitoeni usiku huu, mtazame mstari wa miezi 18, maana huo ndio husahauliwa zaidi, mtoto akishaanza kutembea na mama akishaacha kwenda kliniki. Ukikuta hauna tarehe, gonga mlango wa jirani: “Mama Asha, wa kwako ameshamaliza surua? Twende wote.” Kisha ulizeni zahanati yenu ni siku gani ya juma wanafungua kichupa.