Nahodha na Siku ya Kukabidhi Usukani

Ndugu msomaji, ukitaja neno "nahodha" pale Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, yafaa ueleze ni nahodha yupi. Asubuhi, vyombo vinaporejea na samaki kupelekwa sokoni pwani, nahodha ni mzee aliyeshika usukani usiku kucha. Jioni, maji yakishakupwa na vijana wakifukuzia mpira mchangani, nahodha ni yule anayewapanga wenziwe. Jina ni moja, na dhamana ni moja.

Leo nataka tuzungumze juu ya nahodha wa uwanjani: Ndugu Nadir Haroub Ali, beki kutoka Zanzibar, ambaye mashabiki walimpachika jina la "Cannavaro", yule Mtaliani aliyepokea Kombe la Dunia mwaka 2006.

Mwaka huohuo wa 2006 Ndugu Nadir alijiunga na Young Africans ya Dar es Salaam. Wavuvi wa Pemba huenda dago, wakapiga kambi ugenini kwa majuma kadhaa, kisha wakarudi nyumbani. Dago la kijana huyu lilidumu miaka 12. Makocha walikuja na kuondoka, viongozi wakabadilishana viti, washambuliaji wakanunuliwa na kuuzwa, naye akabaki katikati ya ulinzi, jezi namba 23 mgongoni. Katika muda huo klabu ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2011 na 2012, na ubingwa wa Bara mara kadhaa, ukiwamo wa misimu mitatu mfululizo kutoka 2014/15 hadi 2016/17.

Mchezaji wa Zanzibar hutumikia bendera mbili. Katika mashindano ya Afrika na ya dunia huvaa jezi ya Taifa Stars. Katika Kombe la Chalenji huvaa ya Zanzibar. Mwaka 2012, mjini Kampala, Ndugu Nadir alikuwamo katika kikosi cha Zanzibar kilichopata nafasi ya tatu kwa kuishinda Bara kwa mikwaju ya penalti. Waliokuwa ndugu zake wa kila siku, siku ile walikuwa wapinzani. Mchezo ulipokwisha, udugu ukaendelea.

Lakini msomaji, mtu hapimwi kwa siku za neema peke yake. Januari 2016 Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Muda mfupi baadaye akapewa unahodha wa Taifa Stars, na Ndugu Nadir akauacha. Hapana shaka Samatta alistahili heshima. Hata hivyo nahodha wa zamani hakuficha kwamba utaratibu uliotumika haukumridhisha, akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Je, alikosea? Wako waliosema mchezaji hana haki ya kununa. Mimi naona tujiulize sisi tulio makazini. Ni fundi gani aliyetumikia karakana miaka kumi, akakuta funguo zimo mkononi mwa kijana, asichomwe moyo? Kijana hana kosa. Lakini usukani hupokewa kwa kuulizana hali ya bahari, haunyang'anywi. Anayebadilisha uongozi bila ya neno la shukrani huwafundisha hata wanaobaki kwamba utumishi wao hauna kumbukumbu.

Funzo kubwa liko katika yaliyofuata. Hasira haikumtoa kazini. Aliendelea kuitumikia klabu yake hadi mwaka 2018, alipoagwa rasmi. Jezi yake namba 23 akamkabidhi beki kijana, Abdallah Shaibu, Mzanzibari mwenziwe. Kisha akabaki klabuni kama meneja wa timu. Namna ya kukabidhi ambayo yeye aliikosa, ndiyo aliyomtendea mdogo wake.

Basi wewe mzazi ambaye mwanao hushinda na mpira, mwache acheze, lakini mkumbushe mapema kwamba miguu huchoka kabla ya umri. Ajifunze na kazi ya pili. Nawe mfanyakazi uliyeshika usukani wowote, mtafute leo kijana mmoja umwelekeze miamba ilipo. Wazee wa Tumbe hawangoji chombo kifike kwenye mwamba ndipo wamwite mrithi. Humketisha karibu nao bahari ingali shwari.