Aonyeshe kwa Mikono Yake

“Operesheni ikiisha, mambo yamekwisha.” Ndivyo wengi wanavyosema hapa Kisangani kuhusu kipandikizi cha koklea, kifaa kinachomsaidia kiziwi kusikia, na wanakosea. Sehemu iliyo chini ya ngozi haina betri. Umeme na sauti huipata kutoka prosesa iliyo nyuma ya sikio, kupitia koili inayoshikwa na sumaku. Waya mmoja ukikatika, mgonjwa hasikii tena, hata kama daktari alipasua vizuri namna gani.

Wengine hudai kipandikizi ni jambo la watoto tu. Mwaka 2021 homa ya uti wa mgongo ilizuka Banalia, katika mkoa wetu wa Tshopo, ikaua watu zaidi ya 200. Ugonjwa huo huweza kuwafanya viziwi wakubwa kwa wadogo. Kwa baadhi yao koklea huanza kujaa mfupa wiki chache tu baada ya kuugua, kwa hiyo kipandikizi hakingojei.

Dai ninalolipinga kwa nguvu zote ni hili: “Nilimuuliza mgonjwa, akasema anajua kukitunza.” Kumuuliza si kumpima. Mtu mzima huona haya kukiri mbele ya muuguzi kwamba kitu cha bei kubwa namna hii kinamshinda. Mpe prosesa yenye betri iliyokufa, umwambie: “Papa, leo haisikiki, tafuta kosa.” Kisha utazame. Je, anaanzia kwenye betri? Anajua kubadilisha waya wa koili? Anatambua kipaza sauti kilichoziba vumbi? Andika kila hatua: aliweza peke yake, alisaidiwa, alishindwa. Huko Perth, Australia, Rebecca Bennett na wenzake walitunga orodha ya kupima stadi hizi.

Eti wazee hawawezi? Vidole vinavyotetemeka vinahitaji mazoezi zaidi, na mjukuu afundishwe pamoja nao.

“Unyevu wetu na umeme wa SNEL unaokatika-katika vitakiharibu tu.” Kweli, mvua hapa hainyeshi kidogo. Lakini ukishuka kwenye baiskeli ya toleka umelowa, toa betri, pangusa prosesa, na usiku uilaze katika kopo linalofungwa vizuri, lenye chembe za silika. Betri za zinki-hewa hazichajiwi, hivyo umeme ukikatika hazijali; ila ukibandua karatasi zake zinaanza kuisha, hata usipozitumia.

Aliyeshindwa kubadilisha waya afundishwe siku hiyo hiyo, apimwe tena kabla ya kurudi nyumbani.