Ngariba Amekwenda, Kungwi Yuko Wapi?

Wazee wetu walioweka jando hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kazi ya kisu ni ya dakika chache na kazi ya kupona ni ya wiki nyingi, na kwamba kazi hizi mbili hazifanywi na mtu mmoja. Ngariba alikuja, akakata, akapokea chake, akaenda zake. Kumbini alibaki kungwi. Yeye ndiye aliyeosha vidonda, aliyekesha na mtoto mwenye homa, aliyejua nani amekula na nani amekataa chakula. Hakuna mwali aliyetoka kumbini kabla kungwi hajaridhika kwamba kidonda kimefunga. Na kwa mzazi ni vivyo hivyo. Tulimpa siku arobaini za kukandwa maji ya moto, kunywa uji wa pilipili manga na kulala wakati wengine wanafua. Hakuna aliyemwambia siku ya tano ajifunge khanga akapande basi.

Leo tumepata ngariba wa aina mpya. Amesoma sana, ana mashine nzuri, vazi lake ni safi, na anaishi ng'ambo. Sina ugomvi na kisu chake. Ugomvi wangu ni kwamba amemfukuza kungwi, na wale wanaomtafutia wateja wanatuambia kwamba kungwi hahitajiki, kwa kuwa siku hizi upasuaji ni sehemu ya matembezi. Nasema huo ni uongo, na ni uongo unaoweza kuua.

Ninaandika kama mtu aliyelala juu ya meza hiyo. Mwezi wa Novemba 2022 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Istanbul kuongezwa matiti. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na nimenyonyesha watoto watatu. Sababu zangu zilinitosha mimi, fedha ilikuwa yangu, na sikuandika kurasa hizi ili nitubu. Anayetaka toba ya mwanamke aitafute katika kitabu kingine.

Kwanza tuelewane kwamba upasuaji huu si jambo geni linalotafutiwa bado namna yake. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Houston huko Marekani, Thomas Cronin na Frank Gerow, walimtia mwanamke wa kwanza vifuko vya silikoni. Ni zaidi ya miaka sitini sasa. Kwa hiyo hakuna daktari wala wakala anayeweza kusema hajui kinachofuata mgonjwa akishaamka. Kinajulikana, kimeandikwa, na kinafundishwa. Kinachokosekana ni nia ya kukigharamia.

Tazama ratiba niliyopewa, maana ratiba husema kweli kuliko mdomo wa mwuzaji. Siku ya kwanza, kupokelewa uwanja wa ndege. Siku ya pili, vipimo na upasuaji. Siku ya tatu, kuruhusiwa kwenda hotelini. Siku ya nne, matembezi ya mashua katika mlango wa bahari wa Bosphorus. Siku ya tano, kuonana na daktari, na baada ya hapo nafasi ya kununua vitu. Siku ya sita, safari ya kurudi nyumbani. Msomaji, hesabu mwenyewe. Katika siku sita hizo, ni ngapi zilizopewa kupona? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wahenga hawakusema hivyo juu ya mgonjwa.

Sasa nieleze kupona kwenyewe, kwa sababu ndiko wasikokutaja. Baada ya nusu kaputi kichwa ni kizito na tumbo linakataa chakula. Kifuani unahisi kana kwamba mtu ameweka jiwe la kusagia akasahau kuliondoa, maana kifuko kinapowekwa chini ya msuli, msuli huo hukasirika. Mikono huwezi kuiinua. Mlango mzito wa hoteli huwezi kuuvuta. Chupa ya maji iliyofungwa kiwandani inakushinda. Kulala ni chali tu, na mito mitatu mgongoni. Kuinuka kutoka kitandani bila kujisukuma kwa mikono ni kazi ambayo sikujua kwamba ni kazi. Vidonge vya maumivu vinafunga choo, na kujikamua ndicho kitu ambacho kifua hakitaki. Kuoga hakuruhusiwi upendavyo. Nywele zinanuka na huwezi kuzifikia. Sidiria ya kubana huivui usiku wala mchana. Chuchu zimekufa ganzi, na hujui kama hisia itarudi mwezi ujao, mwaka ujao, au haitarudi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna kijitabu kinacholitaja. Jioni ya pili au ya tatu unalia, bila sababu unayoweza kuieleza, katika mji ambao hakuna anayejua jina lako.

Haya yote ni ya mtu ambaye mambo yamemwendea vizuri. Mimi usiku wa tatu titi la kushoto lilivimba likapita la kulia, likawa gumu, ngozi ikavutika na kugeuka rangi. Nikapiga ile namba ya simu niliyoambiwa iko wazi saa ishirini na nne. Aliyepokea hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa yule yule aliyeniuzia safari. Akaniambia uvimbe ni jambo la kawaida, nimeze kidonge kingine, tutaonana siku ya tano.

Aliyeniokoa hakuwamo katika ratiba. Hoteli yangu ilikuwa mtaa wa Şişli, karibu na Osmanbey, ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hufika kununua nguo za jumla. Mmoja wao, mama wa makamo, nilikuwa nimesalimiana naye asubuhi penye chai. Niligonga mlango wake saa saba za usiku. Alinitazama mara moja akasema, "Mwanangu, hili si la kungoja kuche." Akanivika koti lake, akaita teksi, akakaa nami katika chumba cha dharura cha hospitali ambayo haikuwa ile iliyonipasua. Daktari wa zamu alisema damu inavujia ndani. Nikarudishwa mezani usiku ule ule, damu ikaondolewa, kifuko kikarudishwa mahali pake. Yule mama aliahirisha mzigo wake kwa siku mbili. Aliniosha nywele kwenye beseni, akaniinua kitandani kwa kunishika mgongoni, akaniletea supu ya dengu. Na sikuwa nimemlipa hata senti moja.

Basi nauliza. Kazi aliyoifanya mama yule ilikuwa ya nani? Nilipomweleza wakala, alijibu kwamba huduma baada ya upasuaji imo katika mkataba, na maana yake ni kuulizwa hali kwa simu. Gharama ya usiku ule, ya siku kumi nilizokatazwa kupanda ndege, na ya kubadili tiketi, ilikuwa juu yangu. Ngariba alikuwa amekwishapokea chake.

Nisieleweke vibaya. Simshitaki mtu kwa kuwa ni wa Uturuki. Nchi ile imeweka tangu 2017 kanuni za vibali kwa wanaotibu wageni, na daktari aliyeniokoa alikuwa Mturuki. Damu huvuja hata mikononi mwa mpasuaji hodari kabuli, na angevuja mtu hata Nairobi au London. Ninachokishitaki ni mpango wa biashara unaojua kwamba wagonjwa kadhaa watavuja damu, na bado unawaweka peke yao kwenye ghorofa ya tano.

Na tusizungumzie hotelini tu. Kuna ndege. Anayetoka kupasuliwa damu yake ni nyepesi kuganda katika mishipa ya miguu, na kukaa kitini saa saba bila kunyoosha viungo huzidisha hatari hiyo. Donge likikatika likafika mapafuni, huweza kuua. Ndiyo maana huko Uingereza wagonjwa hushauriwa wasipande ndege siku tano hadi saba baada ya upasuaji wa matiti. Siku hizo ni kwa asiyepatwa na shida. Ratiba ya wakala imezifanya kuwa ukomo wa kukaa, wakati ni mwanzo wa kufikiria kuondoka.

Tena yapo maradhi yasiyojua kalenda ya hoteli. Wamarekani waliokwenda kupasuliwa katika Jamhuri ya Dominika mwaka 2003 na 2004, na tena 2013 na 2014, walirudi na vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vinavyokaa kimya kwa wiki kadhaa kabla ya kidonda kufumuka. Wakati huo mpasuaji yuko ng'ambo ya bahari, na daktari wa nyumbani hajui hata uzi gani ulitumika.

Na vifuko vyenyewe vinahitaji kumbukumbu. Kampuni ya Ufaransa iliyoitwa Poly Implant Prothèse ilijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa mwili wa binadamu, mpaka ilipogunduliwa mwaka 2010. Wanawake wanaokadiriwa kufikia 300,000 katika nchi nyingi duniani walikuwa wamevivaa ndani ya miili yao. Mwaka 2013 mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan nayo iliviondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ya saratani ya nadra iliyohusishwa navyo. Mwanamke aliyekuwa na kadi yenye jina na namba ya kifuko alijua siku hiyo hiyo kama anahusika. Asiyekuwa nayo alibaki kubahatisha. Mimi kadi yangu niliidai mara tatu. Ilikuja siku ya kuondoka, pamoja na cheti cha upasuaji cha Kituruki ambacho hakuna daktari wa Dar es Salaam aliyeweza kukisoma.

Sasa niwageukie watu wa kwetu, maana mpango huu wa ng'ambo unanenepa kwa siri zetu. Wakala anajua kwamba mteja wake hatalalamika. Atalalamika wapi, wakati hata dada yake amemwambia anakwenda kuona biashara? Na kwa nini amedanganya? Kwa sababu anajua neno linalomngoja: alijitakia. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu katika kituo cha afya, likisemwa na mtu aliyevaa sare, huku nimeshika kifua nikiomba tu kidonda kitazamwe.

Alijitakia! Je, kijana aliyeendesha pikipiki amelewa akavunjika mguu hakujitakia? Mbona yeye hufungwa plasta kwanza na kuhubiriwa baadaye? Mvuta sigara wa miaka thelathini hupewa kitanda, na hakuna anayemnyima oksijeni kwa ajili ya adabu. Kiswahili chenyewe kimekwisha toa hukumu juu ya jambo hili: mchuma janga hula na wa kwao. Methali haisemi janga lilichumwa kwa sababu nzuri au mbaya. Inasema wa kwao wapo.

Najua watakaosema kwamba mtu abaki kama alivyoumbwa. Hiyo ni hoja ya heshima, na anayeishika aishike. Lakini aishike kabla ya kisu. Baada ya kisu, aliyelala kitandani ni mgonjwa, na mgonjwa hana hoja, ana kidonda. Najua pia watakaosema, mbona hukufanyiwa nyumbani? Nawajibu kwamba swali hilo litakuwa na maana siku ambayo mwanamke ataweza kuingia hospitali ya nyumbani akauliza bei bila wauguzi kuitana kuja kumtazama.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Mtu yeyote anayeuza upasuaji wa ng'ambo auze na kupona kwake, au asiuze. Awepo nesi wa kumwona mgonjwa hotelini kila siku, kwa macho si kwa simu. Tiketi ya kurudi iwe inayobadilika bila malipo kwa neno la daktari. Gharama ya kurudishwa mezani iandikwe katika mkataba kabla fedha haijatoka mfukoni. Kadi ya kifuko na cheti kinachosomeka vitolewe mgonjwa akiwa bado kitandani. Matembezi ya mashua yafutwe, na siku zake apewe mgonjwa alale. Bei itapanda, najua. Ikipanda, tutajua bei ya kweli ilikuwa kiasi gani, na nani alikuwa akiilipa tofauti hiyo kwa mwili wake.

Na kwako mwanamke unayesoma ukiwa na tiketi kwenye mkoba, sikukatazi safari. Nakuomba jambo moja tu. Chagua mtu mmoja, umwambie kweli, usafiri naye. Akiwa dada, shoga au mama mkwe, si hoja, maadamu anaweza kukuosha nywele na kugombana na daktari saa saba za usiku. Kama fedha haitoshi kwa watu wawili, basi haijatosha, ngoja itoshe. Ngariba utampata popote. Kungwi hakikisha umemtoa nyumbani.