Kitabu cha Msichana Aliyenyamaza

Wako wazazi na walimu wanaotuuliza kama ni vema wasichana wa sekondari wasome hadithi zinazoeleza habari za kubakwa. Wanaogopa zitawaharibu. Sisi wauguzi tunajibu: wasome, ila wasiachwe wasome peke yao.

Tuchukue kitabu kinachojulikana sana, Speak, cha Laurie Halse Anderson wa Marekani, kilichotolewa mwaka 1999. Melinda ni msichana anayeanza sekondari. Wakati wa likizo alikwenda kwenye karamu, na huko mvulana wa darasa la juu akambaka. Alipiga simu polisi, lakini sauti ikamkauka. Polisi walipofika karamu ikavunjika, na wenzake wakamchukia kwa kuwaitia polisi, bila kujua kwa nini aliwaita. Karibu mwaka mzima haongei. Anauma midomo mpaka inakuwa vidonda, alama zinashuka, anatoroka vipindi na kujificha katika stoo ndogo ya mfagiaji. Wazazi wake huachiana vikaratasi jikoni badala ya kuzungumza. Wanaona alama mbaya, wanagomba.

Wasichana wa namna hiyo huletwa kwetu. Kadi inasema tumbo, kichwa, usingizi hauji, na mama amesimama pembeni akimjibia binti kila swali. Dawa ya malaria haitamsaidia huyo. Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 wa umri wa miaka 13 hadi 24 walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hebu hesabu wasichana wa kwaya yako. Mwandishi Anderson naye alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba alibakwa akiwa na miaka 13.

Wengine husema mambo haya hayafai kusomwa na Wakristo. Wafungue Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Tamari, binti Daudi, alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba, aliyejifanya mgonjwa ili apelekewe chakula. Absalomu akamwambia dada yake anyamaze. Baba yao alisikia, akakasirika sana, basi, ikaishia hapo. Biblia haikuficha, wala haikumlaumu Tamari. Sisi tunaoficha tunamlinda nani?

Hata hivyo tuna neno juu ya kitabu cha Anderson. Usiku ule Melinda anarudi nyumbani kwa miguu, hafiki hospitali, na msomaji mdogo anaweza kudhani kwamba jambo hili linaweza kungoja mpaka moyo uwe tayari. Moyo unaweza kungoja, mwili hauwezi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Asioge kwanza. Nguo zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, ishughulikiwe huku mgonjwa akihudumiwa, tusimzungushe. Hata kama siku zimepita, bado aje, kwa kuwa magonjwa mengi ya zinaa hutibika na bado atahitaji mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo matroni au mama anayesoma kitabu hiki na wasichana asimalize kwa hotuba. Awaulize swali moja tu: kama ungekuwa Melinda, ungemwambia nani? Kila mmoja aandike jibu kwenye karatasi bila jina. Ukikuta karatasi nyingi ni tupu, andika ukutani bwenini namba 116, simu ya watoto hapa Tanzania, ambayo haina malipo.