Ng'ambo Nako Kuna Wenyewe

Mgeni anayekusudia kuja Mombasa hakosi mashauri. Kila mtu ana lake la kumwambia. Aanzie Ngome ya Yesu, azunguke Mji wa Kale, apige picha chini ya zile pembe za barabara ya Moi, kisha avuke Likoni haraka aende zake Diani, au apite daraja la Nyali haraka aende zake kwenye mahoteli ya Bamburi na Shanzu. Hilo neno haraka halikosi. Sisi tunaoishi ng'ambo, huko ambako mgeni anatakiwa apite mbio, hatutajwi ila katika shauri moja tu: funga dirisha la gari na ufiche saa yako.

Mimi ni mtu wa ng'ambo. Nimezaliwa Likoni, kazi nimeifanya Changamwe, na jamaa zangu wengi wako Kisauni. Sikatai kwamba wezi wapo. Vijana wenye mapanga wamewahi kuwahangaisha watu Kisauni na Likoni, na waliohangaika zaidi ni sisi wenyeji tunaorudi majumbani usiku kwa miguu. Simu yako iweke mfuko wa ndani, na usiku usipite vichochoro usivyovijua bila mtu wa kukupeleka; hayo mtu yeyote atakuambia, hata ukienda Nairobi. Lakini shauri la kufunga dirisha halimtoshi mgeni, na ubaya wake ni kwamba linamfundisha kutuogopa kabla hajatuamkia. Ndiyo maana leo nimeonelea nitoe mashauri yangu mwenyewe, kwa mtu wa Nairobi au Kisumu, kwa wa Kampala, na hata kwa yule atokaye Ulaya ambaye ameshikishwa kijitabu uwanja wa ndege.

Sharti nianze na kivuko, kwa sababu pale ndipo roho za watu zilipopotea.

Mlango wa Kilindini pale Likoni si mpana, ni kama nusu kilomita tu, na aliyesimama upande mmoja anawaona watu wa upande wa pili wakipanga foleni. Anayevuka kwa miguu halipi kitu; gari ndilo linalolipa. Kwa mgeni jambo hili huonekana kama matembezi ya starehe, bure tena na upepo wa bahari juu yake. Basi ajue kwamba asubuhi, tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, na jioni tangu saa kumi na moja hadi usiku uingie, kile kivuko ni cha watu wa kazi. Kama huna haja ya kuvuka saa hizo, kaa unywe kahawa. Ukiwa ndani ya matatu au basi utaambiwa ushuke uingie kwa miguu. Shuka bila kunung'unika. Ukiwa na gari lako, vuta breki ya mkono, fungua madirisha, wateremshe watoto na uwashike mkono. Mahali pa kusimama ni katikati. Usikimbilie mbele kwenye ule mlango unaoteremshwa ili uwe wa kwanza kutoka.

Sisemi haya kwa kubuni. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake, wengi wao wakienda vibaruani kisiwani. Watu 272 walikufa. Huku kwetu mtu wa makamo ukimtajia mwaka ule, atakutajia na jina la jirani. Kisha tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma na kuteleza majini kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee katikati ya mlango ule ule wa Likoni, ndani mna mama na binti yake mdogo, na watu wanatazama. Karibu wiki mbili zilipita kabla gari lile halijatolewa chini. Kwa hiyo mgeni, ukikuta kivuko kimejaa, ngojea kingine. Naona aibu kwamba mpaka leo shauri hili hulipati hotelini wala kwa watembezaji wa watalii, wanaokueleza mambo mengi tu kuhusu nyani wanaoiba mikate. Wenye mahoteli na wakuu wa utalii yawapasa kuliandika waziwazi, kwa herufi kubwa, kabla ya kutaja saa za chakula.

Na kamera yako iache mfukoni. Bandari iko pale pale, na kambi ya jeshi la wanamaji iko Mtongwe. Askari hatakuuliza kama ulikuwa ukipiga picha ya machweo ya jua.

Haya, umevuka. Ndani ya Likoni mna mtaa uitwao Shika Adabu, na siku hizi ni jina la wadi nzima. Utingo akiliita usicheke, wala usidhani anakugombeza. Lakini ningependa ulichukue jina hilo kama shauri, maana adabu ndiyo fedha ya kwanza itakayokufaa huku. Wenzetu wengi kutoka bara hufika dukani noti iko mkononi na neno ni moja tu: "Nipe maji." Muuzaji atakupa, na chenji atakurudishia, lakini umekwisha kupimwa. Huku salamu hutangulia haja. Uliza habari za asubuhi au za kutwa, toa salamu aleikum ukiwa unaijua, mzee umwamkie shikamoo hata kama kazi yake ni kuuza kachiri barabarani, ndipo useme, "Niuzie maji, mama." Ukifika nyumbani kwa mtu piga hodi ungoje, na mlango hata ukiwa wazi usichungulie ndani. Bei ya tuk-tuk patana kabla hujaketi, kwa maneno mazuri. Aliyesalimiwa hupunguza upesi kuliko aliyetishwa.

Yataka nieleze kwa nini nakazania mambo ambayo mwingine atayaona madogo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kwa wiki kadhaa watu wa makabila ya bara waliokuwa wakiishi nasi wakawindwa nyumba kwa nyumba. Waliouawa walizidi 100, waliohama ni maelfu kwa maelfu, na wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni wakalala nje na watoto wao. Uchaguzi ulikuwa karibu, na Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka uliofuata ilisikiliza mengi juu ya mkono wa wanasiasa. Neno mgeni, ambalo kwetu ni neno la heshima, siku zile liligeuzwa kuwa hukumu. Vikaratasi vilipitishwa kuwaambia watu waondoke mahali walipozalia watoto.

Waliorudi tunaishi nao mlango kwa mlango. Tunaazimana chumvi. Kwa hiyo mtu wa bara akiniuliza kama kabila lake litafika Likoni salama, namjibu litafika, aje, alete na mama yake. Lakini kuna sentensi moja nimeisikia kivukoni mara nyingi mno, na asije nayo: ati watu wa pwani ni wavivu. Huyo asemaye huwa amesimama katikati ya watu walioamka saa kumi ya usiku kukaanga mahamri ayalayo yeye. Sentensi kama hiyo haivunji mbavu za mtu. Hukaa tu moyoni, na siku mwanasiasa anapokuja na vikaratasi vyake huikuta tayari imekaa.

Kuna jambo la maji pia, ambalo hakuna kijitabu kinachogusia. Mgeni hutoka katika hoteli yenye bafu na kidimbwi cha kuogelea, akaalikwa Mtopanga au Chaani, akaoga kwa ndoo tatu. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo, mengine Baricho katika mto Sabaki, na mifereji ya mitaani kwetu inaweza kukauka siku nyingi. Basi maji unayoyakuta kwenye pipa yamenunuliwa mtungi mmoja mmoja kutoka kwa mtu wa mkokoteni. Mwenyeji wako hatasema neno. Atakuongezea ndoo ya nne huku akitabasamu. Ni juu yako kujua kwamba kata moja baada ya nyingine yatosha kuoga, na kwamba ukimlipia mwenye mkokoteni kimya kimya asubuhi, utakuwa umetoa zawadi bora kuliko biskuti.

Mavazi sina mengi ya kusema. Kaptula ya kuogelea ni ya pwani. Ukiingia mitaani jifunge kanga au vaa suruali, mwanamume au mwanamke. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na hata ukipata chakula usile ukitembea. Ngojea magharibi, wala hutalala njaa, kwani watu wenyewe watakuita futari. Majira ya kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, joto ni kali, na mwezi wa Mei mvua hunyesha mpaka barabara za Kisauni zikageuka mito. Shelly Beach, kabla hujaingia majini, muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua.

Upande wa Kisauni njia ni rahisi zaidi tangu daraja la Nyali la sasa lilipofunguliwa 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea lililowekwa 1931, na magari yalilipa ushuru kuvuka. Wageni hulipita daraja na kuelekea moja kwa moja Haller Park, ambako tangu 1971 machimbo ya saruji ya Bamburi yamekuwa yakigeuzwa msitu, kazi iliyoanza kwa mivinje. Ni mahali pazuri, siwazuii. Bombolulu pia, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu hutengeneza vitu kwa mikono yao na kuviuza. Ila nawasihi wateremke kwanza Kengeleni.

Jina lenyewe latokana na kengele iliyoko pale. Mwaka 1875 wamisheni wa Kanisa la Uingereza walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Wengine walitolewa mbali sana barani. Wengine walikuwa wamepelekwa India wakalelewa Nasik, ndipo wakarudishwa Afrika kwenye pwani ambayo si kwao. Kengele ilipigwa kuwaonya wafanya biashara wa watumwa walipoonekana kuja. Watu wale hawakuwa na kaya hapa, wala taifa miongoni mwa yale mataifa kumi na mawili ya Mombasa, ambamo Wachangamwe ni mmojawapo. Walikuwa wageni kabisa. Leo wajukuu wao ni Wamombasa kama mimi, na matatu hupiga honi mbele ya kengele ile kutwa nzima bila mtu kuinua macho. Simama kidogo uitazame.

Changamwe nayo wageni huijua kwa uwanja wa ndege na moshi wa malori. Kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho kila mtu alikitaja zamani kiliacha kazi hiyo 2013. Lakini karibu na barabara ya Port Reitz kuna wachongaji wa Kikamba, walioanza chama chao cha ushirika 1963. Ufundi huo wenyewe una safari yake: Mutisya Munge wa Wamunyu aliujua wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alipokuwa Tanganyika, kwa Wazaramo, akarudi nao Ukambani, na kutoka huko ukateremka mpaka kwetu. Ingia uketi kivulini, uone mikono inavyokwenda. Bei usiivunje mno, kwani fundi mmoja huchonga, mwingine hupiga msasa, mwingine hupaka rangi, na wote wanangoja sehemu yao. Nalo shauri langu kubwa hapo ni hili: uliza mti. Mpingo na muhugu vimekatwa miaka mingi mpaka vimekuwa haba msituni, na mchongaji mwema atakuonyesha vya mwarobaini, mti unaoota hata uani kwa watu. Twiga wa mwarobaini ni twiga yule yule.

Siku ya kuondoka, kama umelala Likoni na treni yako ni ya asubuhi pale Miritini, kivuko usikitegemee, wala malori ya Changamwe usiyasahau. Barabara ya Dongo Kundu sasa yapitika, na madaraja yake ya Mteza na Mwache yatakutoa kusini hadi Miritini bila kugusa kisiwa. Patana na dereva usiku, mwambie aje mapema kuliko unavyodhani yafaa. Mama wa nyumba atakuwa ameamka kabla yenu nyote, mbaazi ziko motoni na mahamri yamefunikwa sinia. Kaa chini ule hata kama honi inalia nje, na mengine atakayokufungia kwenye gazeti uyapokee kwa mikono miwili.