Printa Mpya, Picha Zinapauka: Dada wa Msamala Si Tapeli, Ila Ana Deni

Kuna dada mmoja pale Msamala, Songea, jina kapuni. Send-off, kipaimara, mahafali, kote yupo na kamera yake. Siku moja akarusha stetasi: foleni za studio basi, kanunua printa yake, picha sasa zinasafishwa nyumbani. Watu wakamiminika.

Miezi haijapita mingi, picha ukutani zimepauka, nyuso kama zimepakwa majivu. Mama mmoja alimtumia WhatsApp picha ya marehemu mumewe, akasafishiwa, akaitundika sebuleni. Baadaye simu ikaibiwa. Leo ile picha inafifia na hana nyingine. Mtandaoni dada anaitwa tapeli.

Tapeli ni neno zito, jamani. Kosa lake ni la wengi: aliangalia bei ya printa, wino akauchukulia poa.

Tuanze na mashine. Printa za katriji ni bei chee dukani, ila seti ya katriji inaweza kukaribia bei ya printa yenyewe. Ndiyo maana watu wakaanza kuzifungia matangi ya nje kienyeji. Epson wakausoma mchezo, mwaka 2010 wakaanza kuuza Indonesia printa yenye tangi lake kabisa. Canon nao wana G-series. Kwa anayechapisha kila wiki, tangi halina mjadala.

Lakini tangi siyo ubora wa picha. Printa nyingi za tangi zina rangi nne, zinatosha kwa nyaraka na picha za kawaida. Epson L805 au L8050 zina rangi sita: zimeongezewa bluu na waridi zilizopauka, ndiyo maana ngozi inatoka laini, haina vidoti. Kwa biashara ya sura za watu, hiyo ndiyo yenyewe.

Sasa wino, hapa ndipo watu wanapigwa. Wino wa dai huzama kwenye karatasi, rangi zinawaka, ila jua na unyevu huufifisha. Wa pigimenti hukaa juu ya karatasi na hudumu zaidi, lakini si kila printa wala kila karatasi ya kung'aa inaukubali. Halafu kuna wa sablimesheni, wa kuchapia vikombe na fulana. Huo bila kupigwa moto unatoka umepauka tangu siku ya kwanza. Chupa zinafanana, muuzaji anakwambia "wino ni wino tu", na wewe unaamini!

Wino wa bei ya kutupa usio na jina usiutumie kwenye picha ya mtu. Nunua uliotajwa kwenye kitabu cha printa yako, na karatasi ya picha, siyo ya fotokopi. Chapisha japo picha moja kila wiki, maana wino ukikauka kwenye hedi, kusafisha kwenyewe kunakula wino. Masika ya Songea karatasi zifungie kwenye mfuko. Picha iweke kwenye fremu ya kioo, mbali na dirisha la jua. Na mteja akutumie picha kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma kawaida inaibana.

Kwa mwenye picha kumi kwa mwaka, printa ya nini? Peleka studio, hela iliyobaki kula chipsi.

Turudi kwa dada. Aliyepokea hela ya mtu hawezi kujificha nyuma ya "sikujua". Kama faili la yule baba bado lipo kwenye kompyuta yake, amsafishie mama upya, kwa wino sahihi, bure, na faili ampe. Hapo hata wanaomtukana watanyamaza. Akikaa kimya, basi lile jina atakuwa amelichagua mwenyewe.

Wadau, mnaonaje: arudishe hela au asafishe upya? Dondosha maoni hapo chini.